Kilichokataliwa Sokoni Kisirudi Mezani

(Hotuba iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya siku moja ya viongozi wa sharika, vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wa nafaka, iliyofanyika Tunduma.)



 Wapo waliotoka Kamsamba usiku, wapo waliotoka Isongole na Mkwajuni, na wapo wenyeji wetu wa hapa Tunduma ambao wametupokea kwa chai na mihogo. Mungu awabariki.

Mada tuliyopewa kwenye ratiba inaitwa "Kanuni za Serikali kuhusu Taka Zenye Sumu na Viwango vya Ubora wa Chakula". Ni jina refu, na tulipolisoma ofisini tuliogopa kwamba baada ya chai watu watasinzia. Kwa hiyo hatutaanza na kanuni. Tutaanza na magunia 11 ya mahindi.

MAGUNIA 11

Miaka michache iliyopita usharika mmoja katika eneo letu la kazi ulikuwa na Jumapili nzuri ya mavuno. Hatutautaja, kwa sababu ungeweza kuwa usharika wa yeyote kati yetu hapa. Waumini walileta mahindi, maharage, kuku na ndizi. Baada ya mnada yalibaki magunia 40 ya mahindi, yakawekwa stoo nyuma ya kanisa kusubiri bei ipande. Fedha zake zilikuwa zimeshapangiwa kazi ya kuezeka darasa la chekechea.

Mahindi mengine yalikuwa hayajakauka vizuri. Yalipangwa juu ya sakafu ya saruji bila vichanja, na safu ya nyuma ikaegemea ukuta. Sisi wa ofisi ya miradi tulifika pale mara mbili. Tukahesabu magunia, tukaandika kwenye daftari, tukasaini, tukaondoka. Hatukufungua hata gunia moja.

Bei ilipopanda akaja mnunuzi kutoka hapa Tunduma. Akapiga bambo gunia baada ya gunia, akamimina punje kiganjani, akanusa. Magunia 29 akayapima na kuyalipia. Magunia 11 ya safu ya chini na ya ukutani akayaweka pembeni. Punje zake zilikuwa na ukungu wa kijani na njano, nyingine zimekuwa nyeusi, na harufu ya uvundo ilijaa stoo. Akasema, "Haya sichukui hata bure. Yakionekana kwenye lori langu narudishwa na mzigo mzima."

Jioni ile kamati ikakaa. Mmoja akapendekeza yauzwe kwa bei ya kutupa kwa wapika pombe. Tukakumbushana kwamba sisi ni kanisa. Mwingine akasema wapewe wafugaji wa kuku. Wa tatu, mtu mwema kabisa, akasema yaoshwe, yakobolewe, yasagwe, yawe uji wa watoto wa chekechea na wa yatima tunaowahudumia, ili sadaka ya watu isipotee. Wazo hilo likapokelewa vizuri. Na sisi wa ofisi, tuliokuwa tumesoma na kuhudhuria warsha, tuliitikia kwa vichwa.

Ndipo mama mmoja mzee wa kanisa, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akauliza, "Hayo mahindi, Mchungaji atayala nyumbani kwake? Na nyie wa ofisini mtabeba debe moja moja?"

Hakuna aliyejibu. Kesho yake aliitwa afisa afya, likachimbwa shimo refu mbali na kisima, mahindi yakamwagwa humo, yakachanganywa na majivu na kufukiwa. Darasa la chekechea lilikaa msimu mzima bila bati.

Ndugu zetu, tunasimulia jambo hili kwa aibu, lakini tunalisimulia kwa sababu swali la yule mama ndilo mada yetu ya leo. Kilichokataliwa sokoni kinakwenda wapi?

KIWANGO NI NINI NA KINATOKA WAPI?

Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga hutoa sumu ambayo siku hizi kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu. Zipo za aina nyingi. Inayoogopwa zaidi ni aflatoksini, ambayo hustawi zaidi kwenye joto na ukame, kama huku bondeni Momba. Nyingine ni fumonisini, ambayo haiogopi baridi ya milimani. Kwa hiyo watu wa Mbozi na Ileje wasikae wakidhani kwamba habari hii ni ya watu wa joto peke yao.

Dunia ilianza kuifahamu aflatoksini mwaka 1960, pale zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na ukungu. Tuliweke moyoni jambo hilo: sumu hii ilijulikana kwa sababu mifugo ya matajiri ilikufa. Watu maskini walikuwa wakiila muda mrefu bila mtu kuandika popote.

Sumu hii ikiingia mwilini kwa wingi huua ini katika siku chache. Kwa majirani zetu wa Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Walikuwa wamekula ugali wa mahindi waliyolima wenyewe.

Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini, na mwenye homa ya ini aina ya B yumo hatarini zaidi. Wataalamu pia wanaihusisha na udumavu wa watoto. Hatusemi kwamba udumavu wote unatokana na sumukuvu. Kuna lishe duni, kuna maji machafu, kuna mama kulemewa na kazi. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 walio chini ya miaka mitano nchini, 30 wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi. Jirani yake ni sisi wa Songwe, ambao nasi tunajivuna kwa mahindi.

Kwa sababu hizo serikali imeweka viwango. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilianzishwa mwaka 1975, na sheria inayoliongoza sasa ni Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Zamani masuala ya usalama wa chakula yalikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Tangu Julai 2019 yamehamishiwa TBS, kwa hiyo anayetafuta TFDA kwa habari ya chakula atakuwa anagonga mlango uliofungwa.

Kiwango cha mahindi tunachotumia ni cha pamoja cha nchi za Afrika Mashariki. Mambo makubwa ni matatu. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Aflatoksini zote kwa jumla zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile kali zaidi inayoitwa B1 isizidi 5. Fumonisini isizidi miligramu 2 kwa kilo.

Tunajua namba hizi hazisemi kitu kwa mtu asiye na maabara. Basi tuzipime kwa lori. Lori la tani 30 linalosimama hapo barabarani kusubiri kuvuka Nakonde likiwa limejaa mahindi, aflatoksini inayoruhusiwa ndani ya mzigo wote haifiki hata nusu gramu. Ni kama chumvi unayoishika kwa vidole viwili na kuinyunyiza kwenye mboga. Ikizidi hapo, lori zima halifai kwa chakula cha binadamu.

Viwango hivi vina meno. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama Namanga. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa aflatoksini iko chini ya kiwango. Wafanyabiashara walioko hapa wanajua kwamba tangu wakati ule mnunuzi ananusa zaidi kuliko zamani.

SHERIA MBILI NA GUNIA MOJA

Sasa tuje kwenye taka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo mama wa sheria zote za taka nchini. Inazipa halmashauri wajibu wa kusimamia taka ngumu, na inalipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, jukumu la usimamizi. Chini yake zipo Kanuni za Udhibiti na Usimamizi wa Taka Hatarishi za mwaka 2021. Hizo zinamtaka anayekusanya, kusafirisha au kuteketeza taka zenye madhara awe na kibali. Huwezi kuokota tu mapipa ya kemikali na kuyapeleka unakotaka.

Kwa upande wa chakula, bidhaa ikionekana haifai hapo mpakani, huzuiliwa, na mwenye mali hugharamia kuiharibu mbele ya maofisa. Kwa mzigo wa lori hilo linawezekana. Kuna karatasi, kuna ofisa, kuna dampo.

Lakini, ndugu washiriki, mahindi yetu mengi hayakataliwi na ofisa. Yanakataliwa na mnunuzi mwenye bambo, uani kwa mtu, jioni. Hapo hakuna karatasi. Kwa sheria ya chakula gunia lile si bidhaa tena, kwa sababu halikuuzwa. Kwa kanuni za taka si taka bado, kwa sababu mwenyewe hajalitupa. Limekaa katikati ya ofisi mbili, na hapo katikati ndipo nyumba zetu zilipo.

Tufuatane na gunia hilo tuone linakokwenda.

Njia ya kwanza ni jikoni. Mkulima huchambua mahindi yake, mazuri huyauza apate ada ya shule na mbolea, yaliyobaki hula na watoto. Kiwango kimemlinda mlaji wa Nairobi na wa Lubumbashi. Aliyelima hakikumlinda.

Njia ya pili ni kilabuni. Mahindi yaliyooza huuzwa rahisi kutengenezea kimea na pombe. Wengi wanadhani kuchachusha na kuchemsha kunaua sumu. Joto la jikoni linaua ukungu, lakini sumu iliyokwisha kutolewa na ukungu huo haimalizwi na moto wa kuni. Ugali ulioiva vizuri unaweza kuwa na sumu ile ile.

Njia ya tatu ni bandani. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo tunapokoboa tunaipunguza kwenye sembe na kuilimbikiza kwenye pumba. Pumba hizo tunampa ng'ombe wa maziwa. Baada ya siku moja au mbili sumu inatoka kwenye maziwa kwa sura nyingine, na mtoto anakunywa. Ndiyo maana hata maziwa yana kiwango chake cha aflatoksini.

Njia ya nne inatuuma zaidi. Ni shuleni na kanisani. Wazazi wanapoombwa debe la mahindi kwa ajili ya chakula cha mchana cha wanafunzi, debe gani hutolewa? Muumini anapoleta mahindi ya mavuno, ni yale ya juu ya kichanja au yale ya chini? Hatuulizi ili kumsuta mtu. Sisi wenyewe tulikaribia kuwapa yatima magunia 11.

TAKA NYINGINE, NJIA ILE ILE

Jambo hili halikuanza na mahindi. Katika mji wa Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga baharini maji taka yenye zebaki kwa miaka mingi. Hakuna aliyekula taka. Lakini vijidudu vya majini viliila, samaki wadogo wakala vijidudu, samaki wakubwa wakala wadogo, na wavuvi maskini wakala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi: watu walitetemeka, walipoteza uwezo wa kuona na kusema, na watoto walizaliwa na ulemavu. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020.

Kwa nini tunaitaja Minamata tukiwa Tunduma? Kwa sababu wilaya yetu ya Songwe imo katika uwanda wa dhahabu wa Lupa, ambao umechimbwa tangu miaka ya 1920, na mpaka leo vijana wetu wanakamatisha dhahabu kwa zebaki wakiishika kwa mikono mitupu. Wengine huichoma kwenye kikaango hicho hicho kitakachorudi jikoni, na moshi wake unavutwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Maji ya huko huteremkia Ziwa Rukwa, na samaki wa Rukwa tunawala sote. Vijana wetu wa Saza na Mkwajuni hatuwaiti wahalifu. Tunawaomba wachomee kwenye chombo kilichofunikwa kinachorudisha mvuke wa zebaki, mbali na nyumba, na marudio yasitiririkie mtoni.

Tukumbuke pia chupa na madumu ya viuatilifu katika mashamba yetu ya kahawa na mahindi. Dumu likiisha dawa, tunaliosha mara moja na kulitia mafuta ya kula au maziwa kwa sababu lina mfuniko mzuri. Utaratibu ni kusuuza mara tatu, maji ya kusuuzia yakarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha dumu likatobolewa ili lisitumike tena, likatunzwa mbali na watoto mpaka likabidhiwe kwa maelekezo ya bwana shamba. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayosimamia hayo.

Mnaona kwamba njia ni moja. Kitu tunachokiona kimekwisha kazi, tunakisogeza hatua chache tu kutoka machoni petu, nacho kinazunguka na kurudi kwenye sahani.

NENO LA MUNGU LINATUAMBIA NINI?

Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawashutumu wafanyabiashara wa nafaka wa Israeli kwa makosa haya, miongoni mwa mengine: wamepunguza kipimo, wamepandisha bei, wanatumia mizani ya udanganyifu, na mwisho wa yote wanawauzia maskini makapi ya ngano. Makosa matatu ya kwanza tunayahubiri sana, hasa msimu wa lumbesa. La nne tunalipita haraka. Lakini nabii ameliweka kwenye orodha moja na wizi.

Tunakumbuka pia habari ya Elisha na chungu cha wanafunzi wa manabii, katika 2 Wafalme sura ya 4. Ilikuwa wakati wa njaa. Yule aliyechuma matunda ya porini yenye sumu na kuyakatia chunguni hakuwa mtu mbaya. Hakuyajua. Sisi baada ya semina ya leo hatutaweza kusema hivyo.

Tusisahau kwamba ilikuwa wakati wa njaa. Ni rahisi kwetu sisi wenye mshahara kumwambia mjane mwenye magunia matatu, "Mama, hili moja tupa." Sheria haina fidia kwa gunia lake. Hakuna ofisi itakayompa jingine. Akilitupa, mwezi wa pili watoto watalala njaa. Akilisaga, watalala wameshiba. Kwa macho ya mama, uamuzi uko wazi, na sisi tungekuwa yeye tungefanya kama yeye. Kwa hiyo elimu peke yake haitoshi. Tukimfundisha halafu tukamwacha na gunia lake, tumemwongezea hofu tu.

TUFANYE NINI?

Tunaleta mapendekezo matano. Manne ya kwanza mnayajua. La tano ni jipya, nalo ndilo tunaloomba mlijadili kwenye vikundi mchana.

1. Tukaushe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu. Na tusipukuchue kwa kupiga gunia kwa fimbo, maana punje iliyovunjika ni mlango wa ukungu.

2. Tupime unyevu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Kipimo hiki hakifikii ile asilimia 13.5 ya TBS kwa usahihi, lakini kingeyaokoa magunia yetu 11.

3. Tuhifadhi juu ya vichanja, mbali na ukuta, na anayeweza anunue mifuko isiyopitisha hewa. Tahadhari: mfuko huo ni wa mahindi makavu. Ukifungia mabichi, umefungia tatizo.

4. Tuchambue kwa mkono kabla ya kusaga, siyo kabla ya kuuza tu. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu zitolewe. Zilizotolewa zisiende kwa kuku, kwa ng'ombe wala kilabuni. Zifukiwe kwenye shimo refu mbali na maji. Zikiwa nyingi, aitwe afisa afya wa kata.

5. Tuanzishe utaratibu wa debe kwa debe. Kila usharika utenge fungu la kumi la mahindi yake ya mavuno, yaliyokauka na kuchambuliwa, yakae stoo yasiuzwe mpaka mwezi Machi. Kaya isiyo na uwezo ikiona mahindi yake yameharibika, ilete debe bovu, ipewe debe zima. Debe bovu lifukiwe siku hiyo hiyo mbele ya mzee wa kanisa na jirani mmoja.

Tulipolisema hili ofisini, wenzetu walitoa hoja mbili, na tunazileta kwenu wazi. Ya kwanza: watu watajificha nyuma ya utaratibu huu, wakaharibu makusudi au wakaleta mabovu ya jirani. Inawezekana. Ndiyo maana tunapendekeza kaya isizidishe madebe mawili kwa mwaka, na jumuiya, ambayo inajua kila nyumba, ndiyo itoe majina. Ya pili: mwaka ukiwa mbaya kwa wote, stoo haitatosha. Ni kweli, haitatosha. Mwaka wa namna hiyo tutahitaji halmashauri na serikali, na ni vizuri wawakilishi wao wamo humu wanatusikia. Lakini miaka mingi si ya namna hiyo. Miaka mingi ni gunia moja hapa na debe mbili pale, na kila moja lina watoto wake.

HITIMISHO

Wapo watakaosema kazi ya viwango ni ya TBS na kazi ya taka ni ya NEMC na halmashauri, sisi tuhubiri. Tunaziheshimu ofisi hizo, na tunawaomba wafanyabiashara wetu watii masharti yake bila kutafuta njia za panya hapo mpakani. Lakini ofisi hizo haziwezi kusimama katika kila ua jioni wakati mnunuzi ameondoka na mahindi mazuri na mama amebaki anatazama yale mengine. Hapo aliyepo ni jirani, ni mzee wa kanisa, ni mwinjilisti.

Yule mama mzee wa kanisa aliyetuuliza swali hajawahi kusoma kanuni yoyote ya serikali. Lakini kiwango chake kilikuwa rahisi kuliko vyote tulivyovitaja leo, na hakihitaji maabara: usimpe mtoto wa mwenzio kile usichoweza kumpa wako. Tukirudi majumbani, tufungue magunia, tusiishie kuyahesabu.

Darasa la chekechea, tunafurahi kuwaambia, liliezekwa msimu uliofuata. Uji unaonywewa humo unatoka kwenye mahindi yaliyochambuliwa, na wanaoyachambua kila Jumamosi ni akina mama wa usharika, pamoja na sisi wa ofisi tunapofika kukagua. Siku hizi ukaguzi wetu unaanzia kwenye gunia la chini.